Ukizijua njama zote, sala inabaki wapi?

"Mwalimu, nina miaka 34, naishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na kazi yangu ni ya stoo huko Industrial Area. Nimeokoka na ninaimba kwaya. Kwa miaka miwili sasa nafuatilia video za kufichua wanaotawala dunia kwa siri: Illuminati, Freemason, chanjo, alama ya mnyama. Mengi naona yana ukweli. Lakini sala yangu imekauka. Nikipiga magoti, wao ndio wanaonijia akilini. Mchungaji ananiambia niachane na hayo mambo niombe tu, na mimi naona naye amelala. Mke wangu anasema nimekuwa mtu mwingine. Sasa hatusemezani vizuri kwa sababu nimekataa mtoto wetu wa miezi kumi adungwe sindano ya surua. Nifanye nini nibaki macho bila roho yangu kufa? Ni mimi, Baba wa Umoja."

Baba wa Umoja, barua yako ina maswali mawili, na moja lina haraka kuliko lingine. La mtoto nitalijibu mwisho. Si kwamba ni dogo. Nataka tu ufike pale ukiwa bado hujanikasirikia.

Nianze kwa kukutetea kidogo. Anayemwambia Mkenya kwamba njama hazipo, huyo ama ni mgeni au ana lake. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kampuni moja ililipwa na serikali yetu fidia ya asilimia 35 kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi, kutoka nchi ambayo almasi haina na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno. Hiyo ndiyo Goldenberg. Mabilioni yalikwenda, bei zikapanda, na wazazi wetu wakaambiwa ni hali ya uchumi. Nenda nyuma zaidi. Wazee wa Mau Mau walisema kwa miaka hamsini kwamba waliteswa kambini, na Uingereza ikakana. Mwaka 2011, kesi yao ikiendelea London, serikali ya huko ikakiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni yake mahali paitwapo Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013 ikatangaza kujuta na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Ukipita Uhuru Park utaiona ile sanamu ya mwanamke akimpa mpiganaji chakula, iliyozinduliwa 2015. Waingereza ndio waliochangia kuijenga. Na Marekani, kule Tuskegee, kuanzia 1932 hadi 1972 maofisa wa afya wa serikali waliwaacha mamia ya wanaume Weusi waugue kaswende bila kuwatibu, ili waone tu ugonjwa utafika wapi.

Kwa hiyo hujarukwa na akili. Ukishuku wenye mamlaka, una sababu.

Lakini tazama jinsi mambo hayo yalivyojulikana. Ya Goldenberg yalitoboka kwa sababu karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei, aliona malipo yasiyoeleweka mezani pake na kutoa nakala za karatasi zikawafikia wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akafukuzwa kazi, na miaka mingi akaishi maisha ya tabu. Ya Mau Mau yalitoboka kwa sababu wazee walikubali kupanda ndege na kuapa mbele ya jaji, na wanahistoria kama David Anderson na Caroline Elkins wakakaa miaka mingi wakisoma makaratasi ya kuchosha. Kila mahali utakuta jina la mtu, tarehe, kiasi cha fedha, na karatasi. Utakuta pia aliyefichua amelipia. Sasa jiulize yule wa kwenye video yako amelipia nini. Mara nyingi wewe ndiye unayelipa, kwa bando.

Njama za kweli nyingi zina uchovu fulani. Ni vocha zilizoghushiwa, ni zabuni iliyopewa shemeji, ni faili lililowekwa rafu isiyo yake. Zile za video hazichoshi hata kidogo, zina muziki. Illuminati, kwa mfano, kilikuwa chama halisi. Adam Weishaupt, profesa wa sheria, alikianzisha Bavaria tarehe 1 Mei 1776, na mtawala wa huko akakipiga marufuku mwaka 1784 na tena 1785. Kikafa kikiwa kichanga. Mwaka 1797 kasisi Mfaransa aitwaye Augustin Barruel na Mskoti John Robison, kila mmoja kivyake, wakaandika kwamba chama hicho ndicho kilichopindua ufalme wa Ufaransa, na tangu hapo kila kizazi kimekifufua kwa mahitaji yake. Sisi tumekifufua ili tueleze kwa nini msanii fulani amenunua gari.

Niache hayo, nikuambie jambo ambalo sipendi kulisimulia.

Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Hofu ilikuwa kila mahali: kwenye magari, sokoni, na zaidi ya yote mashuleni. Bwenini kwetu kulikuwa na msichana mpole aliyevaa pete yenye umbo la nyoka, hakula nyama, na kwao walikuwa na uwezo. Hayo matatu yalitosha. Alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Tulianza kuamka saa nane za usiku kuzunguka kitanda chake na kukemea kwa sauti. Mimi nilifunga siku tatu bila maji, kwa ajili yake. Muhula ule ule wakubwa wa shule wakamrudisha nyumbani "kwa usalama wake," na hakurudi. Ripoti ya tume ilikuja kuwekwa hadharani mwaka 1999, na mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuelewa tulichokuwa tumekifanya. Pete alipewa na nyanya yake. Nyama ilimletea pele.

Sijawahi kuomba kwa bidii kama muhula ule, na sijawahi kuwa mkatili kama muhula ule. Hilo ndilo lililonifanya nisomee kazi hii. Kwa hiyo ukiniuliza kama mtu anaweza kuzama katika mambo haya huku "anakua kiroho," najibu kwamba anaweza kujihisi anakua. Joto lipo, machozi yapo, hisia ya kuteuliwa ipo. Tofauti huonekana kwa jirani. Mkeo anasema umekuwa mtu mwingine. Huyo ni shahidi wa karibu kuliko mimi, kuliko mchungaji, na kuliko mtu wa video asiyejua hata kama una mke.

Sasa Maandiko, maana najua utayauliza. Biblia haikatai njama. Zaburi ya 64 inaomba ulinzi dhidi ya mashauri ya siri ya waovu, na ya pili inaanza na wafalme wakila njama. Lakini mahali ninapotaka ukae leo jioni ni Isaya 7 na 8. Siku za mfalme Ahazi, Resini wa Shamu na Peka wa Israeli walikuwa wamekula njama waivamie Yuda na kumtawaza mwana wa Tabeeli. Hiyo haikuwa uvumi, majina yote yapo. Mioyo ya watu, imeandikwa, ikatikisika kama miti ya mwituni mbele ya upepo. Kisha katika sura ya 8, mstari wa 12, nabii anaambiwa yeye na wenzake wasiite njama kila kitu ambacho watu wale wanakiita njama, wala wasiogope kile wanachokiogopa. Ona, hakuambiwa njama haipo. Alikatazwa kuazima hofu ya umati. Mchungaji wako akisema "omba tu," amechukua nusu ya mstari. Video zako zimechukua nusu nyingine.

Na ndugu zangu Waislamu wanaosoma hapa wanalo lao katika Suratul Hujurat, aya ya 6: habari ikiletwa na mtu asiyeaminika, ichunguzeni, msije mkawadhuru watu kwa kutojua kisha mkajuta. Torati nayo inataka mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahukumiwa. Sisi tunapokea meseji "iliyofowadiwa mara nyingi" na kuituma kwenye kikundi cha kwaya kabla chai haijapoa. Kumshuhudia mtu uongo ni dhambi hata kama mtu huyo ni tajiri wa Marekani usiyempenda.

Kuhusu alama ya mnyama, hebu nikukumbushe Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho. Mwaka 2019 nusu ya Nairobi ilikuwa ikinong'ona kwamba ni 666. Kulikuwa na Wakenya wengine waliosoma sheria yenyewe na kuona jambo la kutisha kwa namna ya kawaida kabisa: serikali ilitaka mpaka DNA na mahali nyumba yako ilipo kwa vipimo vya GPS, na wasio na vitambulisho, kama Wanubi wengi, wangeachwa nje ya huduma. Watetezi wa haki za Wanubi na za binadamu wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 1 Aprili 2019 mahakama ikazuia kwa muda ukusanyaji wa DNA na GPS na kusema watu wasilazimishwe. Novemba mwaka huo tukapata sheria ya kulinda data. Januari 2020 hukumu ikatoka kwamba mpango huo hauwezi kuendelea bila sheria kamili ya kuusimamia. Walioogopa 666 hawakuzuia hata sentimita moja ya mradi ule. Baadhi ya Wakenya walivutwa na mahubiri ya namna hiyo hadi wakaacha shule, hospitali na kazi. Aprili 2023 tukaanza kufukua makaburi ya msitu wa Shakahola, Kilifi, na miili ilipita 400.

Halafu Julai 2023, hapa hapa KICC, jumba la mikutano jijini Nairobi, foleni ikazunguka jengo: watu wakipigwa picha ya mboni za macho na kampuni ya kigeni ili wapate sarafu za kidijitali za shilingi kama elfu saba. Serikali ikasimamisha zoezi mwanzoni mwa Agosti. Sitashangaa kama kwenye foleni ile walikuwemo waliokimbia Huduma Namba. Hofu ya mambo makubwa sana humfanya mtu asione lililo mbele ya jicho lake, na hapa nasema jicho lenyewe.

Jambo moja dogo. Watu wanaisoma Ufunuo 13, wanafika penye alama, wanafunga kitabu. Mstari wa kwanza wa sura ya 14 una watu wengine wenye jina limeandikwa kwenye vipaji vya nyuso zao, jina la Mwanakondoo na la Baba yake. Sijawahi kutumiwa video juu ya hao.

Basi kwa nini sala imekauka? Najua utatarajia niseme ni shetani. Mimi nitaanza na usingizi. Niambie unatazama saa ngapi. Wengi wanaonijia na swali lako huanza saa nne, watoto wakishalala, na programu ya simu, ikijua ulichotazama jana, inakuletea kingine kikali zaidi kidogo, mpaka saa saba. Mwili uliokosa usingizi huona tishio kila mahali. Ukimpigisha magoti mtu wa namna hiyo saa kumi na moja asubuhi, atakayekutana naye kwanza ni yule aliyekuwa naye saa saba. Si ajabu sura zao ndizo zinazokuja. Umekaa nao kuliko ulivyokaa na mtu mwingine yeyote.

Lipo la ndani zaidi, na hili niruhusu niliseme kama dada yako mkubwa. Umeandika kwamba mchungaji "amelala." Neno hilo nimelisikia mara nyingi, na kila mara lina utamu ndani yake. Kujua siri ambayo wengine hawaijui kunampa mtu wa stoo, ambaye mchana kutwa anaambiwa panga hiki, hamisha kile, hadhi ambayo hakupewa kazini. Sikulaumu kwa kuitaka hadhi hiyo. Lakini Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga, na sala haiingii palipo na dharau. Unaweza kumwombea mtu unayemwona mjinga, ila utakuwa unamshtaki kwa Mungu.

Ufanye nini? Sitakuambia ufute kila kitu leo usiku. Utafuta, utakaa wiki mbili, utarudi kwa njaa. Nunua daftari kama lile la mwenye duka wa mtaani kwenu anamoandika madeni. Kila video inayokuambia kwamba jambo fulani litatokea, andika nani amesema, tarehe, ameahidi nini, na lini. Hawa watu ni wakopaji. Wanakopa hofu yako leo kwa ahadi ya kesho: benki zitafungwa, waliochanjwa watakufa ndani ya miaka miwili, kitambulisho kipya kitakuwa chipu mkononi. Mwenye duka hamkopeshi tena mtu ambaye hajalipa deni la Januari. Baada ya miezi mitatu kaa na daftari lako, na mkeo awepo, usome.

Pembeni ya kila ukurasa jibu swali moja: kama hili ni kweli, mimi kesho asubuhi nitafanya nini Umoja? Ukiona wizi wa fedha za wadi yenu, lipo la kufanya: kuna kikao cha bajeti ya kaunti, kuna MCA, yaani mwakilishi wa wadi, kuna mahakama. Ukiona watu kumi na watatu wanaotawala sayari yote, la kufanya halipo, na kitu kisicho na la kufanya hugeuka kuwa chakula cha usiku. Hicho ndicho cha kupunguza kwanza.

Simu ilale sebuleni, nawe chumbani. Sala yako, kwa mwezi mmoja, isiwe na mtu usiyemjua kwa uso. Mwombee mkeo, msimamizi wa stoo, yule mama wa maandazi penye steji, na mchungaji huyo huyo, bila neno "amka." Soma Zaburi ya 37 polepole. Ina waovu tele, lakini mwandishi hawafuatilii. Anaangalia, anasema hayuko tena, anaendelea na safari. Na ukiwa na hamu ya kufichua, kwenye kwaya kuna mtu anayekusanya michango: muulizeni kwa heshima awasomee hesabu. Huo nao ni ulinzi wa lango.

Sasa mtoto.

Najua kilicho nyuma ya kukataa kwako, maana wengi hunitajia mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Maaskofu hawakuwa wavumishaji wa mtandaoni. Walipeleka sampuli maabara na wakasema hadharani kwa majina yao, na hilo naliheshimu. WHO na UNICEF walijibu kwamba chanjo ilikuwa salama, na kwamba mashine zilizotumika kuipima zilikuwa za kupima damu na mkojo wa binadamu, si chanjo. Mimi jibu hilo linaniridhisha. Wewe kama halikuridhishi, bado ile ilikuwa chanjo nyingine, ya ugonjwa mwingine, kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Usimlipishe mtoto wa miezi kumi deni la mwaka 2014.

Surua ni ugonjwa wa hewani. Mgonjwa akitoka chumbani, virusi vinaweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na wewe unaishi kwenye ploti ambapo familia nyingi hupita ngazi moja. Huua kwa nimonia, hupofusha, na wakati mwingine huvimbisha ubongo. Dozi ya kwanza hapa kwetu hutolewa miezi 9, ya pili miezi 18, na kwenye vituo vya serikali hulipi. Wako amechelewa kidogo tu, na bado anapokelewa.

Mpeleke wiki hii. Mbebe wewe, usimtume mama yake, na kijitabu cha kliniki usikisahau. Muulize muuguzi kila swali ulilonalo, hata lile unaloona haya kuliuliza. Huenda mtoto akapata joto kidogo au vipele vichache, mara nyingi wiki moja hadi mbili baadaye. Wakuambie mapema ili usishtuke. Ukifika nyumbani fungua daftari lako, uandike tarehe. Upande mmoja andika walichokuahidi kliniki, upande wa pili ulichoahidiwa na video, halafu uhesabu miezi minane hadi siku ya dozi ya pili.